Mtawala Asiyeegemea Popote

Udongo wa kinamasi kilicho nyuma ya reli, pale Malaba, hunuka chuma. Ukiuchimba asubuhi baada ya mvua ya usiku, harufu hiyo huingia chini ya kucha na kukaa humo hata ukinawa kwa sabuni ya kufulia, na ikichanganyika na moshi wa malori yanayongoja kuvuka kwenda Uganda, hutokea harufu moja nzito ambayo mpaka leo ikinifikia hunirudisha nyumbani kabla sijajua kwa nini. Wapo watu ambao utoto wao unanuka maziwa yaliyochemka au majani mabichi ya shambani. Wangu unanuka chuma na dizeli, na hasa unanuka likizo moja ya Aprili, mvua ya masika ikinyesha bila kupumua, nami nikiwa mwanafunzi wa darasa la sita, nimepiga magoti chini ya upenu wa jikoni nikijaribu kumfanya mtu wa udongo akae wima.

Kukaa wima ndilo lililokuwa tatizo la nyumba yetu. Baba alikuwa dereva wa lori tangu nilipomjua, mtu wa Mombasa hadi Kampala na kurudi, mwenye shingo nene na sauti ya kumwita tanboi wake, msaidizi wa lori, kutoka upande wa pili wa barabara. Mapema mwaka ule alipatwa na kiharusi, si barabarani, ashukuriwe Mungu, bali mlangoni petu, akifunga kamba za viatu. Alirudi kutoka hospitali upande wake wote wa kulia ukiwa umelala: mguu, mkono, na pembe ya mdomo. Maneno yalimtoka polepole, kama gari linalojikwamua kwenye matope. Mama alimwekea kiti chake kile kile cha mbao chenye mikono, kiti ambacho hakuna mtoto wa nyumba ile aliyewahi kukijaribu, na Baba akikaa humo aliinamia kulia kidogo kidogo mpaka bega likagusa ukuta. Mama alimchomekea mto, mto ukateleza. Alimchomekea blanketi lililokunjwa, nalo likasinyaa. Baba mwenyewe alijicheka, akasema amekuwa lori lililopakiwa na mlevi. Kila mtu alicheka isipokuwa mimi.

Mimi sikuwa mtoto wa kucheka kitu kilichoinama. Niliweza kurudi kutoka nusu ya njia ya shule kwa sababu nilikumbuka kwamba nimeacha sufuria imekaa vibaya juu ya nyingine. Nilifuta hesabu kwa raba mpaka karatasi ikatoboka, si kwa sababu jibu lilikuwa na kosa, bali kwa sababu tarakimu moja, ile saba, ilikuwa imelala. Mama aliita tabia hiyo usafi na alinisifu mbele ya wageni. Sikumwambia kwamba ilikuwa hofu. Na baada ya Baba kurudi kutoka hospitali hofu hiyo ilipata kazi ya kufanya. Niliamini, bila kumwambia mtu, kwamba kama kila kitu nyumbani kingekaa sawa, Baba naye angekaa sawa, na kwamba kila kitu nilichokiacha kimepinda kilikuwa kinamvuta kuelekea ukutani. Nilinyoosha viatu, vikombe, pazia, hata kuni. Jioni nilikuwa hoi, na Baba bado ameinama.

Mama alikuwa akiuza chai na mandazi kwa madereva waliokwama kwenye foleni, na mandazi hayo aliyafunga kwa kurasa za vitabu vya zamani ambavyo watu huviuza kwa uzito kama chuma chakavu. Kazi yangu ya likizo ilikuwa kuchana kurasa. Alasiri moja nilichana ukurasa mgumu, wa kung'aa, wenye picha ya rangi, na mkono wangu ukasimama. Ilikuwa picha ya sanamu ya jiwe jeusi lililosuguliwa mpaka likaonekana kupakwa mafuta. Mwanamume ameketi kwenye kigoda kisicho na maegemeo. Amevaa kofia ya duara yenye vijifundo vidogo vidogo, na vazi lililopita juu ya bega la kushoto, bega la kulia likiwa wazi. Macho yake yalikuwa makubwa kuliko macho ya mtu yeyote, nyusi zake zimechongwa kama mifupa ya samaki, na kwenye vazi lake, kuanzia mapajani kwenda chini, palikuwa na alama nyingi ndogo kama nyayo za kuku waliopita kwenye matope. Maelezo yalikuwa yamekatika. Nilichoweza kusoma ni kwamba huyu alikuwa mtawala, kwamba ameketi, na kwamba ni wa kale sana.

Lakini kilichonishika si kofia wala macho. Ni kwamba hakuegemea popote. Nyuma yake hapakuwa na ukuta, ubavuni hapakuwa na mto, na bado alikuwa amekaa kana kwamba dunia ndiyo iliyokuwa imemwegemea yeye. Niliuficha ukurasa ule ndani ya blauzi, na dereva mmoja wa kutoka Eldoret siku ile alipewa mandazi yake mikononi. Nilikuwa nimeamua. Nitamfinyanga mtawala huyu kwa udongo wa kinamasi, nitajua siri ya kukaa kwake, na siku sanamu yangu itakapokaa wima, Baba atapona. Najua inavyosikika. Naiandika tu kama ilivyokuwa.

Hakuna aliyenifundisha kufinyanga. Nilichokuwa nacho ni udongo, kijiko, mfupa wa kuku wa kuchorea, na uhakika wa kipumbavu kwamba nilimzidi akili aliyechonga ile sanamu. Kwa maana nilipomwangalia mtawala wangu kwa makini niliona makosa. Kichwa kilikuwa kikubwa mno. Shingo haikuwapo, kidevu kilikuwa kama kimewekwa moja kwa moja juu ya mabega. Mikono ilikuwa imebanwa mbavuni, miguu imeunganishwa na kigoda bila mwanya wowote, na nyayo zimewekwa pamoja kama za mtoto anayepimwa urefu. Niliona aibu kwa niaba ya mchongaji. Basi nikamrekebishia. Nilimpa mtawala shingo ndefu kama ya mtu halisi, nikaiachanisha mikono na mwili, nikapitisha kijiti kati ya miguu na kigoda ili nafasi ionekane. Alikuwa mzuri kwa muda wa kutosha kumwita dada yangu aje kuona. Kisha kichwa kikaanza kuinama, taratibu, kuelekea kulia, na mbele ya macho yangu kikaenda kulala begani.

Upande wa kulia, tena. Nilivunja, nikafinyanga upya. Mara hii shingo ilishika lakini mkono ulipasuka ulipoanza kukauka. Mara nyingine alianguka kifudifudi, mara nyingine miguu ilikatika. Kila alipoanguka nilikimbia sebuleni kumwangalia Baba kama bado anapumua, kisha narudi mvuani kuchimba udongo mwingine. Dada yangu Amoding, ambaye alikuwa akisuka nywele kwenye kibanda karibu na kituo cha reli na ambaye mwaka ule alikuwa ameposwa na kijana wa upande wa Tororo, ng'ambo ya mpaka, alinipita akiwa na ndoo kichwani akasema, "Mimi nimepata mmoja anayesimama, wewe kila siku unafinyanga wa kuanguka." Mama alicheka mpaka akashika mlango. Aliniambia nimwache mtu wangu alale kama amechoka, maana hata wenye afya hulala. Hawakujua nilichokuwa nimekiweka rehani.

Katikati ya likizo habari ilikuja kwamba wakwe wanavuka kuja kwetu. Sisi ni Wateso, na kwetu mpaka ni wa serikali. Ukoo haujui daraja wala forodha. Wazee wa upande wa kijana wangekuja kukaa na wazee wetu na kunywa ajono, pombe ya wimbi inayowekwa kwenye chungu kikubwa katikati, watu wakikizunguka na kunyonya kwa mirija mirefu, huku maji ya moto yakiongezwa kila yanapopungua. Hapo ndipo familia mbili huonana. Mwenye nyumba hukaa kwenye kiti chake, yeye ndiye hupokea, yeye ndiye hujibu, na neno lake ndilo wakwe huondoka nalo.

Baba Mdogo Omuse, mdogo wake Baba, alikuja kutoka Amukura kuhusu jambo hilo. Alileta sukari, akampa Baba pole kwa sauti ya kanisani, kisha akamweleza Mama mipango kana kwamba Baba ni samani. Alisema kaka yake apumzike ndani, mvua hizi si nzuri kwa mgonjwa. Yeye Omuse atakaa pale nje kwa niaba yake. "Nimshikie tu, shemeji," alisema. "Kiti ni kiti." Akatoka uani, akapatazama mahali ambapo chungu kingewekwa, akaagiza mbuzi afungwe upande mwingine. Ni jambo dogo, lakini nilimwona Baba akimtazama mbuzi akihamishwa. Kwetu mtu akikukalia kiti mbele ya wakwe, hao wakwe hawatamtafuta mwingine. Kesho kukiwa na ugonjwa wataenda kwake, kukiwa na ugomvi wataenda kwake, mtoto wa Amoding akizaliwa habari itafika kwake kwanza. Baba angekuwa hai, angekuwa nyumbani kwake, na asingekuwapo.

Alipoondoka Omuse, Mama alisema Baba akatae, atoke mwenyewe akae. Baba akainua mkono wake wa kushoto, ule uliobaki, akautazama. Nilikuwa nikipanga vikombe na nikaelewa kabla hajasema. Mrija wa ajono haushikwi kwa mkono wa kushoto. Hata sisi watoto, ambao hatukuruhusiwa kuonja, tulichapwa vidole kwa kuuchezea mrija kwa kushoto. Wanaojua sababu husema mkono wa kushoto ni mkono wa mtu anayewatakia mabaya anaokunywa nao. Wasiojua sababu hawaushiki tu. Mbele ya wakwe ni kama kuwatemea mate. Na mkono wa kulia wa Baba ulikuwa ukining'inia nje ya kiti kama kitambaa kilichosahauliwa kwenye kamba.

"Wataelewa," Mama alisema. "Ni mgonjwa, kila mtu anaona."

"Ndiyo," Baba akajibu, neno moja moja. "Wataelewa. Halafu watamwelewa Omuse."

Kuanzia hapo sikuweza kula vizuri. Nilirudi upenuni na ukurasa wangu, na kwa kuwa sikuwa na muda tena wa kuwa na akili kuliko mchongaji, nilifanya kitu ambacho kilinichoma moyo: niliiga. Nilimfinyanga mtawala kama alivyokuwa, na makosa yake yote. Kichwa kikubwa, bila shingo. Mikono mbavuni. Miguu iliyoungana na kigoda kikawa kitu kimoja. Nilijilaumu kila nilipokandamiza udongo, nikihisi ninaandika jibu ambalo najua si sahihi. Lakini mikono yangu ilianza kuona kitu ambacho macho yangu yalikikataa. Hakuna kilichoning'inia. Kila kiungo kilikuwa kimevutwa ndani, kila uzito ulikuwa na kitu chini yake: kidevu juu ya kifua, viwiko juu ya mapaja, magoti juu ya nyayo, na nyayo mbili pamoja kama tofali moja. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, nami niliuwahi. Nilipomaliza mikono, iliyokutana kifuani na wa kushoto ukiwa umeushika wa kulia, nilimwacha na kurudi nyuma hatua chache, nikafumba macho, nikasubiri kusikia akianguka. Hakuanguka. Nikasubiri tena. Alikuwa amekaa.

Nilimpeleka kwa Baba juu ya kipande cha mbao, nikitembea kama mtu aliyebeba maji kwenye sahani. Nilimweka kwenye meza ndogo mbele yake na sikusema kitu, kwa kuwa nilikuwa nangoja apone. Baba alimtazama mtawala. Mtawala akamtazama Baba kwa yale macho yake makubwa. Nje lori lilikuwa likijaribu kugeuka na watu wanalielekeza kwa kelele. Kisha ile pembe ya mdomo wa Baba iliyobaki nzima ikapanda juu.

"Huyu naye alipigwa upande?"

Nilimuuliza nani.

"Huyu bwana mkubwa wako. Mbona mkono mmoja umembeba mwenzake?"

Nilianza kulia. Nilidhani nimemtukana, kwamba nimemletea mgonjwa sanamu ya mgonjwa. Nilimwambia sikubuni mimi, ndivyo ilivyo kwenye picha, nami naweza kumvunja sasa hivi. Baba aliuomba ukurasa. Aliusoma kwa muda, akiusogeza mbali na macho na kuurudisha, kama alivyokuwa akisoma karatasi za forodha. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Kwa mkono wa kushoto aliuokota ule wa kulia kutoka nje ya kiti, akauleta kifuani, akaufunika. Viwiko vikaingia mbavuni. Bega la kulia, ambalo kwa wiki zote zile lilikuwa likivutwa chini na uzito wa mkono unaoning'inia, likapanda. Hakuwa wima kabisa. Nilimpima kwa jicho langu baya lisilosamehe, na alikuwa bado ameinama kidogo. Lakini hakugusa ukuta.

"Mzigo ulikuwa nje ya bodi la lori," Baba alisema, na hakuwa akisema nami. Alikuwa akisema na wale waliompakia.

Siku zilizofuata zilikuwa za mazoezi, na yalifanywa mlango ukiwa umefungwa. Mama alipata mrija mzee, tukaweka chai ya rangi kwenye sufuria. Vidole vya kulia vya Baba havikuweza kufumba vyenyewe, lakini vikifumbwa vilikaa. Kwa hiyo mkono wa kushoto uliviviringisha kwenye mrija, kisha ukauinua mkono mzima kutoka chini, ukiushika kifundoni, kama vile mtu anavyomshika mtoto anayejifunza kuandika. Chai ilimmwagikia shatini. Alikohoa mpaka Mama akataka tuache. Alitaka kucheka, na akicheka mrija ulimtoka, na mrija ukimtoka Amoding naye alicheka, na mimi nikabaki peke yangu ukutani nikiomba Mungu waache mchezo. Kidole kimoja hakivunji chawa, Mama alisema, na mkono mmoja haunyonyi ajono. Acha mtu acheke, mwanangu.

Asubuhi ya wakwe Baba alitolewa nje mapema, kabla ya mtu yeyote kufika, ili pasiwe na wa kumwona akibebwa. Chini ya koti Mama alimfunga kiunoni kwa mkanda wa kufungia mizigo, ukapita nyuma ya kiti, ukakazwa. Mimi nilizipanga nyayo zake pamoja, nikaweka tofali mbele ya ule mguu uliolala usije ukateleza, nikavuta kola, nikashusha kofia, nikaipandisha, nikarudi nyuma, nikaona bega, nikaenda kulivuta. "Mwache," Amoding akaniambia, "hata Mungu alimaliza siku ya sita." Baba Mdogo Omuse alifika amevaa tai. Alipomwona kaka yake kitini alisema vizuri, vizuri sana, lakini akaleta kigoda chake na kukiweka karibu mno, goti lake likigusana na mkono wa kiti, tayari.

Wakwe walikuja, wakasalimia, wakakaa. Chungu kilitulia katikati kikitoa mvuke. Kazi yangu ilikuwa birika la maji ya moto, kwa hiyo nilikuwa hapo hapo, na niliona kila kitu. Mzee wao mkuu, mtu mrefu mwenye kofia ya kahawia, alinyonya kwanza kama mgeni anavyofanyiwa. Kisha mirija ikageukia upande wetu na wote wakamngoja Baba. Mkono wa kushoto ulishuka. Niliona shingo za watu wawili watatu zikinyooka. Uliviokota vidole vya kulia, ukaviviringisha, mara ya kwanza vikateleza, na nilihisi birika likiwa zito kama jiwe. Mara ya pili vikashika. Mkono ukainuka, ukiwa umembeba mwenzake, na mrija ukaanza safari yake kuelekea mdomoni.

"Kaka," Omuse akasema kwa upole, na kila mtu alimsikia. "Huo ni wa kushoto."

Mrija ukasimama njiani. Sijui ulikaa hapo muda gani. Nilijua tu kwamba mkanda ulikuwa ukimkaza Baba kiunoni, na kwamba akijitetea kwa haraka maneno yatamkwama, na yakimkwama Omuse atayamalizia kwa ajili yake, na huo ndio utakuwa mwanzo wa mambo yote. Baba hakufanya haraka. Alimtazama mdogo wake bila kugeuza kichwa, kwa macho tu.

"Mrija umeshikwa na wa kulia," akasema. Akapumua. "Huyu mwingine amemshika ndugu yake."

Hakuna aliyecheka. Mzee mwenye kofia ya kahawia aliinama mbele, akaitazama ile mikono miwili kwa karibu, bila haya, kama mtu anayekagua ng'ombe. Aliona vidole vya kulia kwenye mrija. Aliona vya kushoto chini yake, vimeshika kifundo, havigusi mrija. Kisha akaegemea nyuma, akanitafuta kwa macho, akasema, "Mtoto, ongeza maji. Mwenye nyumba bado hajanywa." Nikamimina, na kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye mrija wa Baba nikamwagia nusu ya birika kwenye kiatu cha Baba Mdogo. Hapo ndipo watu walipocheka, na Omuse akaruka na kuhamisha kigoda chake kwenda mbali, na Baba akanywa.

Sitaki kuipamba siku ile. Ajono ilimtiririka Baba kidevuni na Mama akampangusa mbele ya wageni. Kufikia alasiri alikuwa ameinama tena mpaka mkanda ndio uliokuwa umemshikilia, na wakwe walipoondoka tulimfungua akalala pale pale bila kula. Lakini waliaga kwake. Walipouliza tarehe ya kurudi walimuuliza yeye, wakangoja, kwa subira, neno moja moja.

Na mtawala wangu? Mtu alikuwa amemtoa sebuleni ili meza ipatikane, akamweka uani. Sikuwa nimemchoma, alikuwa udongo mtupu uliokaushwa na hewa. Nilimkuta mvua imempiga, hana uso, hana mikono, amekuwa kilima kidogo cha tope juu ya kipande cha mbao. Nilikimbia ndani nikaweka sikio kwenye mdomo wa Baba. Alikuwa akikoroma. Nilikaa hapo chini nikimsikiliza mpaka giza likaingia, nikingoja akome, naye hakukoma. Mama aliponikuta akaniambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Alidhani nalilia sanamu.

Sasa ninaishi Busia, kwenye chumba nyuma ya soko, na riziki yangu ni sanamu: simba wa saruji wa malangoni, bikira wa makanisani, vichwa vya udongo ninavyojifunza kwa kutazama video kwenye simu. Nimemkuta mtawala wangu humo humo kwenye simu. Alitawala mji mmoja wa kale katika nchi iliyo kati ya mito miwili, huko Iraki ya leo. Zile nyayo za kuku ni maandishi. Wanaojua wanaeleza kwamba jiwe lile lilikuwa gumu na la thamani, na kwamba mchongaji alikaa ndani ya umbo lake badala ya kushindana nalo. Hakuwa ameshindwa kuchonga shingo. Nilivuta picha ikawa kubwa na nikaona jambo jingine ambalo ukurasa wa mandazi haukunionyesha: mabega hayalingani. Lile lililo wazi na lile lililofunikwa hayako sawa hata kidogo. Niliizima simu. Nilikuwa nimemwamini mtu huyu utoto mzima kwamba yeye angalau amenyooka. Bado huwa navunja sanamu nyingi kuliko ninazouza, na wateja wangu wananijua kama fundi anayechelewa.

Malaba nayo imebadilika. Karatasi za malori hukaguliwa upande mmoja tu, hoteli zimeota mahali pa vibanda, ingawa siku mtandao wa forodha ukianguka foleni hurudi ile ile na akina mama wa chai hushukuru. Amoding ana watoto upande wa pili, na kila alipojifungua, habari ilifika kwa Baba kwanza. Baba anatembea kwa fimbo. Mkono wa kulia haukuamka. Mwezi uliopita nilienda kumwona nikamkuta uani kitini pake, bila mkanda, bila mto, ameinamia kulia kama zamani, mkono wa kushoto ukiwa umeulaza ule mwingine mapajani. Nilimsalimia, na kabla sijaketi mkono wangu wenyewe ukaenda begani kwake kumnyoosha, kama ulivyofanya maelfu ya mara. Nilihisi mfupa wake chini ya shati. Nikavuta.

"Acha, Apolot," Baba akasema. "Nimekaa."

Nikautoa mkono wangu begani kwake, na sikujua niuweke wapi.